Mgeni wa Kwanza wa Krismasi

MKESHA, SAA NANE MCHANA

Chumba cha nyuma cha bucha kilikuwa na moshi hadi machoni. Si wa sigara, maana Krsman hakuruhusu sigara kazini. Ulikuwa moshi wa kuni. Mapaja ya nguruwe yalining'inia darini tangu Novemba, yakikauka taratibu, na chini yake wanaume wanne walilizunguka gogo la kukatia nyama.

Krsman alipanga mifupa juu ya gogo.

"Huu nyumba ya Obrad. Huu kanisa. Huu kituo cha polisi." Akausukuma mfupa wa polisi hadi ukagusana na wa kanisa. Kisha akausukuma na wa Obrad. "Kesho alfajiri wote wako hapa. Wamesimama, wanaimba. Obrad, mke, watoto, mpishi. Hata kamanda."

"Mlinzi je?"

Aliyeuliza ni Sredoje. Walimwita Fundi. Katika mji mzima wa Nova Varosh hapakuwa na sefu iliyowahi kumshinda, na hapakuwa na mtu aliyempenda.

"Mmoja tu. Mzee, mguu mbovu. Vidak atakaa naye."

Vidak aliitikia kwa kichwa huku akitazama sakafu. Huyu alikuwa mfuga nyuki, si jambazi. Aliingizwa na kaka yake Gvozden, dereva wa genge, baada ya baridi kumuulia mizinga yote. Gvozden alimwambia ni asubuhi moja tu, kiti kimoja, mzee mmoja. Vidak alikuwa na miaka thelathini na miwili, na bado aliamini kila alichoambiwa na kaka yake.

"Njia," alisema Gvozden.

"Juu, uwandani Peshter. Gari la kuondoa theluji barabarani linapita kila alfajiri, nimelifuatilia mwezi mzima. Unatembea nyuma yake, barabara safi kama sahani. Watu wakitoka kanisani sisi tuko mpakani. Wakimaliza kula tuko Montenegro."

"Na theluji ikiendelea kudondoka?"

"We Gvozden, unadhani lile gari wamelinunua la kuchomea kahawa?"

Wakacheka. Krsman hakucheka. Alikuwa amefungwa mara mbili maishani, na kila mara alisema ni kwa uzembe wa wengine. Safari hii hakuacha kitu bila kukipanga. Simu zote zibaki bucha. Hakuna pombe. Gari la kijivu, kwa sababu Krismasi ya Waorthodoksi huangukia Januari, na Januari nchi nzima ni ya kijivu. Mzigo ni dhahabu ya Obrad, ile aliyonunua kwa wajane kwa bei ya mkaa kisha akaiyeyusha ili isijulikane ilikuwa pete ya nani. Hakuna ambaye angelia sana.

Tundu la mpango lilikuwa hapohapo juu ya gogo, na wote wanne walilitazama bila kuliona. Watu hawa walizaliwa huku, wameila Krismasi hii tangu wakinyonya. Walijua polisi atakuwa wapi, tajiri atakuwa wapi, mpishi atakuwa wapi. Hakuna aliyejiuliza dereva wa gari la theluji anasalia wapi.

Walipotoka, Vidak alimshika kaka yake mkono uani.

"Kaka, mimi sijawahi kumfunga mtu kamba."

"Ni kama kufunga mzinga."

"Mzinga hauniangalii."

"Basi usimwangalie." Gvozden akamfunga vizuri skafu shingoni, kama zamani. "Nimekuingiza mimi, nitakutoa mimi. Umesikia?"

"Nimesikia."

KRISMASI, SAA KUMI NA MBILI ALFAJIRI

Mlango wa jikoni ulifunguka bila kelele. Mpishi wa Obrad alikuwa ameacha ufunguo chini ya chungu cha maua kama alivyomwahidi Krsman. Sakafuni kulitandazwa nyasi kavu za Krismasi, kwa hiyo hata hatua za Krsman, mtu mzito yule, hazikusikika.

Mlinzi walimkuta amesinzia karibu na jiko. Wakamfunga. Sredoje akaenda na begi lake chumba cha ndani. Krsman akasimama dirishani. Gvozden alikuwa nje kwenye gari, injini ikinguruma polepole, mikono chini ya makwapa. Theluji ilianza kudondoka. Aliitazama ikitua kwenye kioo, akawasha vifutio, akavizima.

Ndani, mzee alimtazama Vidak.

"Kristo amezaliwa," alisema.

Siku hiyo mtu akikuambia hivyo unamjibu, hata kama umemfunga kwenye kiti. Hakuna Mserbia anayenyamaza.

"Kweli amezaliwa," Vidak akajibu.

"Mwanangu, mikono inakufa. Legeza kidogo. Leo si siku ya kumtesa mtu."

Vidak akageuka kumtazama Krsman. Krsman alikuwa anaangalia barabara. Basi Vidak akapiga magoti, akalegeza kamba, akasema, "Hapo je?"

"Hapo sawa. Mungu akubariki."

Bastola ya mzee ilikuwa chini ya nyasi, kando ya mguu mbovu. Gvozden alisikia mlio mmoja tu, tena mdogo. Alidhani ni mlango.

Wakatoka wawili wakimkokota wa tatu. Krsman alikuwa amemzimisha mlinzi kwa kitako cha bunduki. Sredoje alibeba begi kifuani kama mtoto. Dhahabu ilikuwepo, yote, na kuhusu hilo mpango ulikuwa sawasawa kabisa.

"Endesha."

"Amefanyaje?"

"Endesha, Gvozden!"

Vidak alilazwa kiti cha nyuma, kichwa kwenye mapaja ya Sredoje. Alishika tumbo kwa mikono miwili. Hakupiga kelele. Alionekana kuaibika.

"Nilimlegezea kidogo tu, kaka," alisema.

SAA KUMI NA MBILI NA NUSU

"Hospitali," alisema Gvozden.

"Mpakani," alisema Krsman. "Nina daktari upande wa pili. Hauliziulizi maswali."

"Ni mwendo wa saa mbili hadi kule."

"Hospitali ni dakika kumi, na miaka kumi na tano jela. Kwake na kwako. Chagua."

Gvozden alichagua. Yaani hakusema kitu, akapinda kushoto kuelekea juu, na kutosema kitu nako ni kuchagua. Alimtazama mdogo wake kwenye kioo. Skafu ilikuwa imekunjwa tumboni sasa.

Walipanda mlima kwa kona. Misonobari ikaisha. Uwanda ukafunguka mbele yao, mweupe, bila mti, bila ukuta, na upepo juu yake haukuwa na kitu cha kuuzuia tangu Montenegro. Barabara ilipotea. Si kwamba ilikuwa mbaya. Haikuwepo. Palikuwa na nguzo za mbao kila upande na katikati yake theluji hadi magotini.

Gvozden akapunguza mwendo.

"Gari la theluji liko wapi?" aliuliza Krsman.

Gvozden alizikodolea nguzo macho.

"Nimeuliza gari la theluji liko wapi. Kila siku linapita. Kila siku ya Mungu!"

"Liko uani kwa dereva," alisema Gvozden. "Na dereva anakula nguruwe, Mkubwa. Ni Krismasi."

Sredoje alianza kucheka huko nyuma. Alicheka peke yake, kwa sauti nyembamba, mpaka Krsman akageuka na kumtazama, ndipo akanyamaza. Mipango si matumizi. Mtu anaweza kuhesabu kila mfupa mezani na akasahau kwamba hata anayemfungulia njia naye ana mama wa kumwokea mkate.

"Songa," alisema Krsman.

Akasonga. Gvozden alikuwa dereva hodari, lisemwe hilo. Aliisoma theluji kwa usukani, akapita penye upepo ulipoifagia, akakwepa penye tuta. Alienda hivyo muda mrefu kuliko ambavyo mtu mwingine angeweza. Hakuhisi hofu. Hakuhisi vidole. Nyuma yake Vidak aliomba maji, na Sredoje akasema mwenye jeraha la tumbo hapewi maji, na Vidak akasema samahani.

Kwenye kona moja ya kushuka gari likateleza taratibu, kwa upole kabisa, likaingia kwenye lundo la theluji hadi kwenye vioo. Likatulia.

SAA MOJA NA ROBO

Walichimba kwa mikono. Walichimba kwa ubao wa buti la gari. Theluji ilirudi haraka kuliko walivyoitoa. Bomba la moshi lilikuwa limezikwa na moshi ukaanza kuingia ndani, Vidak akakohoa, na kila alipokohoa uso wake ulibadilika rangi. Gvozden akazima injini.

Kulikuwa kunakucha. Mbali kidogo, juu ya mteremko, moshi mwembamba ulisimama juu ya paa moja.

"Nenda," alisema Krsman. "Lete trekta. Au ng'ombe, au koleo, lete chochote. Na mdomo ufunge. Ukisema mgonjwa wataita daktari, daktari ataita polisi, na hapo tumekwisha sote, pamoja na yeye."

"Aende Fundi. Mimi nakaa na mdogo wangu."

"Fundi ana sura ya mwizi. Wewe una sura ya mtu aliyekwama."

Ilikuwa kweli. Gvozden akainama dirishani.

"Nakuja sasa hivi."

"Kaka, nasikia baridi."

"Nakuja sasa hivi, nimesema."

Akachomoa ufunguo wa gari, akautia mfukoni. Alifanya hivyo kimya, mgongo ukiwa kwa Krsman. Aliwajua watu wake. Bila ufunguo gari haliendi, na bila gari hawawezi kuondoka wakamtupa Vidak. Alijiona mwerevu. Alipanda mteremko akiugusa ufunguo ule kwenye mfuko, na ndicho kitu pekee alichokihisi kwa vidole.

Mahesabu yake yalikuwa nusu saa. Kwenda, kurudi, trekta. Hakufikiria kwamba gari lisilo na ufunguo halina joto pia.

KARIBU SAA MBILI

Kabla hajabisha, mlango ukafunguliwa.

Alikuwa mama mzee, kitambaa cheusi kichwani, ungo wa ngano mkononi. Alimtazama Gvozden kutoka kwenye kofia iliyoganda hadi kwenye viatu.

"Kristo amezaliwa!"

"Kweli amezaliwa, mama. Samahani, gari limekwama, nili—"

"Radisav! Radisav, njoo uone! Amekuja mgeni! Simjui!" Ngano ikamwagikia kichwani, ikamwingia shingoni. "Guu la kulia, mwanangu, la kulia kwanza! Ingia!"

Akaingia kwa guu la kulia. Mwili ulijua wenyewe. Ndivyo nyumba zote zinavyofanya huko: anayevuka kizingiti wa kwanza asubuhi ya Krismasi ndiye *polaznik*, na alivyo yeye ndivyo utakavyokuwa mwaka. Watu humpanga mtu mapema, jirani mwenye afya na watoto wengi. Lakini akitangulia mgeni asiyejulikana, huyo ametumwa.

Kulikuwa na joto. Lilimpiga usoni hadi machozi yakamtoka. Nyasi kavu sakafuni, gogo la mwaloni motoni, nguruwe mezani.

Mzee Radisav alimpa tawi. "Chokoa moto, bwana. Unajua maneno?"

Aliyajua. Aliyajua tangu akiwa na meno ya utotoni. Akalipiga gogo, cheche zikaruka, na sauti yake ikasema yenyewe, "Cheche ngapi, kondoo wangapi. Cheche ngapi, ng'ombe wangapi. Cheche ngapi, heri ngapi, afya ngapi..."

"Amina!" Bibi alikuwa akilia waziwazi. "Mwaka jana aliingia Miladin wa hapo chini. Mtu mzuri, sisemi. Lakini kufika Pasaka tukamzika kijana wetu. Huyu ndiye mjane wake." Akamwonyesha mwanamke kijana aliyesimama karibu na jiko, kitambaa cheusi naye. "Usiku kucha nimemwomba Mungu amcheleweshe Miladin, alete mwingine. Na kweli Miladin hajafika!"

"Bosiljka, unamtisha mgeni," alisema mzee.

"Mzee wangu, mna trekta?" aliuliza Gvozden. "Nilikuwa naomba trekta. Sasa hivi."

"Ipo. Itavuta hata kanisa. Lakini wewe ni mtu wa huku, kwa matamshi nakusikia. Leo kitu hakitoki nyumbani kabla mgeni hajakaa na kuonja. Dakika chache tu. Gari lina watu?"

Gvozden alifungua mdomo.

Hapa nitasema ukweli, maana wako waliomtetea baadaye. Walisema alifungwa na desturi. Walisema alimwogopa Krsman. Yote yamo. Lakini Gvozden alikuwa amesimama mbele ya moto, na ganzi ilikuwa inaanza kumtoka miguuni, na kichwani mwake hapakuwa na kitu, peupe tupu kama uwanda ule. Neno moja lilihitajika. Alilitafuta, halikuja, akasema lililokuja.

"Hapana. Niko peke yangu."

Wakamketisha kwenye kigoda. Wakamfunika blanketi la sufu mabegani ili, kwa imani yao, malai ya maziwa ya mwaka huo yawe mazito. Bibi akamlisha asali kwa kijiko, kisha mkate, kisha malai, kisha ubavu wa nguruwe wenye ngozi inayovunjika. Alikuwa na njaa. Hakujua kwamba ana njaa. Alikula haraka, mafuta yakamtiririka kidevuni, akapewa rakija, pombe kali ya matunda, akanywa, akapewa tena akanywa. Walimwekea soksi mpya za sufu mkononi, kama zawadi. Alisema asante. Muda ulipita, wala hakuuona ukipita. Bibi alimtazama anavyokula kama mtu anayesoma habari njema.

Mkwe wao, Stamena, alikuja taratibu nyuma yake. Hii nayo ni sehemu ya desturi: kigoda huvutwa mgeni asipotazama, aanguke kwa makalio, ili heri itulie ndani ya nyumba. Pengine ilikuwa mara yake ya kwanza kucheka tangu Pasaka. Akavuta.

Gvozden akaanguka chali. Wote wakapiga makofi. Na bastola aliyoificha kiunoni ikamtoka, ikateleza juu ya nyasi, ikasimama kwenye mguu wa meza.

Makofi yakakatika.

Mzee Radisav hakukimbilia chochote. Alipiga hatua moja, akaikanyaga bastola kwa kiatu chake.

"Nani mwingine yuko nje?"

Gvozden alikitazama kile kiatu. Gogo lilipasuka motoni.

"Kijana, nakuuliza kwa mara ya mwisho. Nani yuko nje?"

"Mdogo wangu," alisema Gvozden akiwa bado sakafuni, blanketi mabegani. "Amepigwa risasi. Ya tumbo. Yuko kwenye gari."

Bibi Bosiljka alikaa. Kijiko cha asali kilibaki mkononi.

"Mungu wangu," alisema Stamena. "Si ungesema mlangoni?"

"Desturi..."

"Desturi gani? Tungekupa trekta, tungekupa farasi, tungembeba mgongoni! Kuna nyumba gani ingekukalisha wewe ule, na mtu wako anakufa? Si ungesema tu!"

Mzee alikuwa tayari amevaa koti. Mlangoni alimgeukia mkwewe na kumwambia kwa sauti ya kawaida kabisa, "Piga simu. Daktari kwanza. Kisha wale wengine."

Gvozden alisikia. Wale wengine ni polisi. Ndiyo mwisho wa Krsman, wa Fundi, wa dhahabu, wa kila kitu. Alingoja kuhisi kwamba ameuza watu wake. Hakuhisi.

SAA TATU KASOROBO

Chini ya mteremko, wakiwa kwenye trekta, mzee na Gvozden walikutana na mtu akipanda kwa miguu, hana kofia, damu sikioni. Mzee akasimamisha trekta.

"Miladin! Nani kakufanya hivi?"

"Wawili," alisema Miladin akihema. "Nilikuwa nakuja kwako, Radisav, unajua nakuja. Nimewakuta kwenye kona. Nikasimama niwavute. Yule mnene kaniwekea bunduki, wamepanda trekta yangu, wameenda. Na begi lao. Hata hawakunijibu niliposema Kristo amezaliwa."

"Na gari?" Gvozden aliuliza. "Gari lipo?"

"Gari lipo. Yule mnene aliniambia niachane nalo, hakuna mtu mle ndani. Lakini niliona mkono kwenye kioo."

Krsman na Sredoje walipatikana kabla ya adhuhuri, nitaje hilo tuliondoe. Trekta ni mwendo wa konokono, na siku hiyo uwanda mzima ulikuwa na alama moja tu ya magurudumu. Askari waliotolewa mezani wakiwa na mafuta midomoni waliifuata bila kuulizana. Walipokamatwa Krsman alisema kosa lilikuwa la dereva.

Gvozden aliruka kabla trekta haijasimama. Alianguka, akainuka, akafukua mlango kwa kucha. Vioo vilikuwa vimeganda kwa ndani. Mtu amepumua mle kwa muda mrefu, na pumzi zake zimekuwa barafu.

Vidak alikuwa ameketi. Sijui alijiinua vipi. Alijisogeza hadi kiti cha dereva na mkono mmoja ulikuwa mahali pa ufunguo, vidole vimekunjwa, kana kwamba anauzungusha.

"Vidak. Vidak, nimekuja. Trekta hii hapa. Daktari anakuja."

Macho yalifunguka. Yalichelewa kumpata.

"Walisema umetoroka," alisema. Maneno yalitoka moja moja. "Wakasema umechukua na ufunguo. Nikasema... kaka hawezi."

"Niliuchukua ili wasikuache!"

"Nilijaribu kuwasha. Nilikuwa nataka joto kidogo tu."

Gvozden alimchukua mikononi, akamvika blanketi la sufu alilokuja nalo mabegani bila kujua. Ngano zilimdondoka nyweleni, zikatua juu ya skafu yenye damu. Alimkumbatia karibu sana, uso kwa uso, akampumulia shingoni kumpa joto. Nyuma yao mzee Radisav alikuwa amevua kofia.

Vidak alivuta pumzi puani. Akavuta tena. Ilikuwa harufu ya nyama ya kuchoma, na rakija, na asali. Uso wake ukajaa mshangao, bila hasira hata chembe, kama mtoto anayeulizia jambo asilolielewa.

"Umekula," alisema.

Gvozden alingoja aseme lingine. Theluji iliendelea kudondoka, ikaingia kwa mlango uliokuwa wazi, ikatua kwenye kope za Vidak, wala haikuyeyuka.

"Ndiyo," Gvozden akamjibu mwishowe. "Nimekula."